Ushuhuda wa Tope na Vumbi la Maua

Historia iliyoandikwa huanza mahali kalamu ilipoanza. Lakini kabla ya kalamu, nchi hii ilikuwa na mito na maziwa na misitu, na watu waliochonga mawe, wakawinda, wakalea watoto wao. Mambo yao hayakuandikwa, wala hakuna mzee, hata awe na kumbukumbu njema namna gani, awezaye kuyasimulia. Basi, msomaji, tukitaka kujua mambo hayo yalitukia lini, tumwulize nani? Wataalamu wamejibu kwamba tuiulize ardhi yenyewe. Kila mwaka mvua huchukua udongo milimani na kuuweka mabondeni, na kila mwaka upepo huangusha vumbi la maua juu ya maji. Tope likitua chini ya ziwa hutunza alama za siku zake.

Insha hii itakueleza jinsi ardhi inavyoulizwa na jinsi inavyojibu. Itakueleza pia jinsi watu wenye elimu kubwa walivyopata kuyasikia vibaya majibu yake hapa Afrika ya Mashariki, wakaandika hesabu ya kale ya nchi zetu kwa kuiazima kutoka Ulaya. Na jinsi tope la ziwa dogo la Mlima Kenya lilivyosaidia kuisahihisha hesabu hiyo.

Mwanzo wa elimu hii ni jambo jepesi. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, mtu wa Denmark aliyekuwa akikaa Florence katika Italia, alitoa kitabu kidogo kuhusu mawe na vitu vilivyomo ndani ya mawe. Alisema kwamba mashapo yakitua majini hutua kwa matabaka, na kwamba tabaka la chini lilikwisha kuwako kabla tabaka la juu halijalazwa. Ukisimama kwenye ukingo uliokatwa na mto Nzoia au mto Tana utaona maneno haya kwa macho yako: mchanga, juu yake tope jeusi, juu yake mchanga tena. Mafuriko ya jana hayawezi kulala chini ya mafuriko ya juzi.

Lakini sheria hii, kama sheria nyingine, ina masharti yake. Nchi hutetemeka na kupasuka, na matabaka huinama, na pengine hupinduka kabisa. Fuko na mchwa huchimba, wakapandisha udongo wa chini na kuteremsha wa juu. Watu nao huchimba kaburi, mifupa ya karne hii ikalazwa katika udongo wa karne nyingi nyuma. Kwa hiyo mchimbaji mwenye busara huchunguza kwanza kama matabaka yamekaa kama yalivyolazwa, ndipo ayasome.

Baada ya Steno alikuja Mwingereza William Smith, mpimaji wa mifereji ya mashua. Smith aliona kwamba kila tabaka lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mawe kwa mawe, na kwamba makombe yaliyomo katika tabaka moja hayafanani na yale ya tabaka la juu yake. Kwa alama hizo aliweza kulitambua tabaka lile lile mahali pawili palipo mbali, hata kama katikati yake limefichwa na nyasi na mashamba. Mwaka 1815 alitoa ramani kubwa ya miamba ya Uingereza, Wales na sehemu ya Scotland.

Sasa, msomaji, shika maswali matatu, kwa sababu habari yote inayofuata imesimama juu yake. Swali la kwanza: kipi kilitangulia, na kipi kilifuata? Steno alitufundisha kulijibu. Swali la pili: tabaka la hapa linalingana na tabaka lipi la kule? Smith alitufundisha kulijibu. Swali la tatu: ni miaka mingapi? Hili Steno na Smith hawakuweza kulijibu hata kidogo. Unene wa tabaka haukuambii umri wake, maana mafuriko ya usiku mmoja yaweza kulaza mchanga wa mita nzima, na ziwa tulivu laweza kutumia miaka elfu kadhaa kulaza tope la kiasi hicho hicho. Aliye na jibu la maswali mawili ya kwanza hana bado jibu la tatu.

Visukuku vya Smith vilikuwa makombe yanayoshikika mkononi. Vipo vingine visivyoonekana kwa macho matupu, navyo ni chembe za chavua, lile vumbi la manjano linalobaki kidoleni ukigusa ua. Chembe nyingi za chavua zina upana wa kati ya sehemu moja ya mia na sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndani yake ni laini na huoza upesi, lakini ganda lake la nje ni gumu ajabu. Ganda hilo likizama katika tope lisiloingiwa na hewa, huweza kudumu maelfu na hata mamilioni ya miaka. Tena kila jamaa ya mimea ina ganda la namna yake: chavua ya nyasi ni mviringo wenye tundu moja, na chavua ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa kama mabawa.

Aliyeifanya chavua iwe chombo cha kupimia nyakati alikuwa Msweden, Lennart von Post. Mwaka 1916, katika mkutano wa wataalamu mjini Kristiania, ambao leo huitwa Oslo, alionyesha hesabu ya chavua ya vinamasi vya kusini mwa Sweden. Hakutosheka kutaja majina ya miti aliyoiona. Katika kila kina cha tope alihesabu chembe, akaandika katika kila mia ni ngapi za mti huu na ngapi za mti ule. Hesabu hizo zikipangwa kutoka chini kwenda juu, mtu huona misitu ikija na kuondoka kama misafara: mti mmoja unaenea, mwingine unapungua, wa tatu unawasili. Na kwa kuwa kinamasi na jirani yake hupokea chavua ya nchi ile ile, mabadiliko yale yale huonekana katika vyote viwili, na matabaka yake huweza kulinganishwa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Bomba la chuma huzamishwa katika tope la ziwa au kinamasi, likatolewa na nguzo ya tope ndani yake. Nguzo hiyo hukatwa vipande kwa kipimo. Kila kipande huoshwa kwa dawa na asidi kali, nyingine zenye nguvu ya kuyeyusha hata mchanga. Mchanga huyeyuka, chavua hubaki. Kisha mtu hukaa mbele ya hadubini akahesabu mamia ya chembe kwa kila kipande, siku baada ya siku. Ni kazi ya subira kuliko ya nguvu.

Chavua ni shahidi, na shahidi hapokewi bila kuhojiwa. Mimea inayotegemea upepo, kama nyasi na podo, hutoa chavua nyingi sana, nayo husafiri mbali. Mimea inayotegemea nyuki hutoa chache, nazo huanguka karibu. Kwa hiyo chembe 50 za nyasi katika mia hazina maana kwamba nusu ya nchi ilikuwa nyasi. Ni lazima kwanza kupima chavua inayoanguka leo katika misitu na mbuga tunazozijua, ndipo tuelewe chavua ya kale.

Hata hivyo yapo mambo ambayo shahidi huyu huyasema waziwazi. Muhindi ni mmea wa Marekani, nao haukuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Basi ukiona chavua ya mahindi katika tope la ziwa la Kenya lililokaa salama, unajua kwamba tope hilo halikulazwa kabla ya mwaka huo. Vivyo hivyo misonobari na mikaratusi, iliyoletwa na kupandwa hapa wakati wa utawala wa kikoloni, huacha alama katika matope ya juu kabisa.

Sasa tuingie katika habari ya Afrika ya Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu Albrecht Penck na Eduard Brückner walichunguza milima ya Alps, wakatangaza kwamba Ulaya ilipatwa na enzi nne za barafu, moja baada ya nyingine. Baadaye kidogo, wachunguzi wa nchi zetu waliona mashapo ya maziwa mahali palipo pakavu, na fukwe za kale juu sana ya maji ya maziwa ya Bonde la Ufa. Miongoni mwao walikuwamo E. J. Wayland katika Uganda, Erik Nilsson wa Sweden, na Louis Leakey katika Kenya. Waliona sawasawa kwamba maji yaliwahi kuwa mengi. Kutokana na hayo ilijengwa nadharia kwamba hapa palikuwa na enzi nne za mvua nyingi, zikaitwa kwa majina ya mahali: ya Kagera, ya Kamasia, ya Kanjera, na ya mwisho kwa jina la Pango la Gamble, karibu na Elmenteita.

Tazama jinsi hesabu hiyo ilivyopendeza. Barafu nne kule, mvua nne huku. Ilionekana jambo la akili kwamba Ulaya ilipofunikwa na barafu, Afrika ilinyeshewa mvua. Mwaka 1947 wataalamu wa historia ya kale ya Afrika walikutana Nairobi, na enzi hizo zikakubaliwa ziwe ngazi ya kupangia mambo ya kale. Tangu hapo, aliyekuta shoka la jiwe katika mashapo ya ziwa aliweza kulipa umri kwa kutaja enzi ya mvua, na enzi ya mvua ilipewa umri kwa kutaja enzi ya barafu ya Ulaya.

Je, umeona kasoro iko wapi? Swali la pili, lile la kulinganisha tabaka na tabaka, lilijibiwa kwa dhana. Hapakuwa na kisukuku wala kipimo kilichoonyesha kwamba tope la Elmenteita lililazwa wakati mmoja na barafu ya Alps. Kulikuwa na mlingano wa hesabu tu, nne kwa nne. Kisha swali la tatu, la miaka, likajibiwa kwa kutegemea jibu la pili. Tena mara nyingine zana za mawe zilitumiwa kuonyesha enzi ya tabaka, na tabaka likatumiwa kuonyesha enzi ya zana. Hapo hoja huzunguka kama ng'ombe wa kinu, hutembea siku nzima bila kufika popote. Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Waliokuwa wakijua barafu za Ulaya waliivuta Afrika iende kwa mlio wake.

Waliopinga hawakukawia. Mwaka 1958 Basil Cooke, na mwaka 1959 Richard Flint wa Marekani, waliupima ushahidi huo upya. Walikumbusha kwamba Bonde la Ufa ni nchi inayopasuka na kuzama, yenye volkeno nyingi. Ziwa laweza kuongezeka kwa sababu ardhi imezama, na laweza kukauka kwa sababu ufa umefunguka, bila mvua kuzidi wala kupungua. Kuona fukwe za juu peke yake hakutoshi kuhukumu hali ya hewa, sembuse kuhukumu miaka.

Wakati huo huo njia ya kujibu swali la tatu ilikuwa imepatikana. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake wa Chicago walitangaza majaribio yao ya kupima umri kwa kaboni. Hewani imo kiasi kidogo cha kaboni isiyotulia, iitwayo kaboni 14. Mimea huivuta, na wanyama huipata kwa kula mimea. Kiumbe akifa haingii nyingine, na ile iliyomo hupungua kwa kipimo kisichobadilika: katika miaka 5,730 hivi hubaki nusu, katika miaka mingine kama hiyo hubaki robo, na kuendelea. Apimaye kilichobaki huweza kukadiria tangu lini kiumbe alikufa, mpaka kiasi cha miaka 50,000. Zaidi ya hapo kilichobaki ni kidogo mno. Libby alitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1960. Siku hizi vipimo hivyo husahihishwa kwa pete za miti ya kale, kwa kuwa kaboni 14 ya hewani haikuwa sawasawa miaka yote.

Tope la ziwani lina majani yaliyooza, na majani yana kaboni. Basi nguzo moja ya tope yaweza kujibu maswali yote matatu: kina chake huonyesha utaratibu, chavua yake huonyesha hali ya nchi na mlingano, na kaboni yake huonyesha miaka. Nguzo kama hiyo ilitolewa katika Sacred Lake, ziwa dogo lililomo katika msitu wa upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, kwenye kimo cha mita 2,400 hivi. Aliyehesabu chavua yake alikuwa J. A. Coetzee, mwanamke mtaalamu wa mimea kutoka Bloemfontein, Afrika Kusini. Alitangaza habari zake za kwanza mwaka 1964, na kazi kamili mwaka 1967. Tope lile lilirudi nyuma zaidi ya miaka 30,000.

Leo ziwa hilo limezungukwa na msitu mnene wenye unyevu. Lakini katika tope la wakati ambapo barafu ya Ulaya ilikuwa imefika upeo wake, miaka 20,000 hivi iliyopita, chavua ya msitu huo ni haba. Badala yake imo chavua ya nyasi, ya pakanga, na ya vichaka vinavyoota leo juu sana mlimani karibu na mpaka wa baridi. Coetzee alihukumu kwamba mpaka wa msitu ulikuwa umeshuka kwa mita 1,000 hivi, na kwamba baridi ilizidi ya leo kwa nyuzi kati ya 5 na 9. Msitu wa unyevu ulirudi baadaye, barafu ya Ulaya ilipokuwa imeyeyuka au ikiyeyuka. Karibu na wakati huo E. M. van Zinderen Bakker alichunguza kinamasi katika milima ya Cherangani, na Daniel Livingstone akatoa tope la Ziwa Mahoma katika milima ya Ruwenzori, Uganda. Wote walipata dalili za milima iliyokuwa na baridi kali wakati wa barafu za Ulaya.

Je, mvua ilikuwa nyingi wakati huo wa baridi? Ushahidi ulikuja kutoka kila upande kuwa haikuwa hivyo. Mwaka 1969 Robert Kendall alitoa hesabu ya chavua ya ghuba ya Pilkington, kaskazini mwa Ziwa Victoria. Katika matope ya chini nyasi ndizo zilizotawala, na ziwa lilikuwa limeshuka. Misitu ilienea baadaye. Mwaka 1996 wachunguzi wengine walionyesha kwamba Ziwa Victoria, ambalo leo ni kama bahari machoni petu, lilikuwa limekauka karibu na miaka 17,000 iliyopita. Nazo fukwe za juu za Nakuru na Elmenteita, pamoja na zile za karibu na Pango la Gamble, zilipopimwa kwa kaboni, zilionekana kuwa za kati ya miaka 12,000 na 8,000 hivi iliyopita. Ndipo Nakuru na Elmenteita yalipokuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na Naivasha ilipofurika ikatoa maji kusini kwa njia ya bonde la Njorowa.

Basi mvua ile iliyopewa jina la pango, iliyodhaniwa kuwa mwenzi wa barafu ya mwisho ya Ulaya, ilikuja baada ya barafu hiyo kwisha. Ulaya ilipoganda, nchi yetu ilikuwa baridi na kavu. Zile enzi nne za mvua zikaachwa, na kila zana ya jiwe iliyopewa umri kwa ajili yake ikalazimika kutafutiwa umri upya. Watu waliokaa penye fukwe zile waliteka maji na kuvua samaki katika nyakati tofauti kabisa na zile walizopangiwa vitabuni.

Usidhani, msomaji, kwamba hapo ndipo neno la mwisho liliponenwa. Mwaka 1997 kundi la wachunguzi likiongozwa na Alayne Street-Perrott lilirudi kwenye matope ya maziwa ya milimani, Sacred Lake likiwa mojawapo, likaonyesha kwamba msitu haukurudishwa nyuma na baridi peke yake. Wakati ule hewa ilikuwa na kaboni dioksaidi pungufu, na upungufu huo huwaumiza miti kuliko baadhi ya nyasi. Kwa hiyo nyuzi za baridi zilizokadiriwa kwa chavua zilipaswa kufikiriwa tena. Utaratibu wa matabaka haukubadilika, chembe zilizohesabiwa hazikubadilika, miaka haikubadilika sana. Kilichobadilika ni maelezo ya sababu. Hivyo ndivyo elimu ya kweli inavyokwenda. Hutenganisha kilichoonekana na kilichodhaniwa, ili dhana ikianguka isianguke pamoja na yale yaliyoonekana.

Na kwa mambo yaliyo nyuma ya miaka 50,000, mahali kaboni inaponyamaza, ardhi yetu ina shahidi mwingine. Volkeno za Bonde la Ufa zilimwaga majivu juu ya nchi mara kwa mara, na majivu hayo yana madini ya potasiamu ambayo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Kwa kupima gesi hiyo wataalamu wamepata umri wa matabaka ya Olorgesailie na ya Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana. Maswali ni yale yale matatu. Kipimo tu ndicho kingine.

Siku moja utapita Kariandusi, karibu na Gilgil, ukaone kuta za udongo mweupe uliolazwa na ziwa ambalo halipo tena. Au utaona barabara mpya imekata kilima, na rangi za udongo zimejipanga kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Simama kidogo. Uliza kipi kilitangulia, kipi kinalingana na kipi, na ni miaka mingapi. Na kwa kila jibu uliza limetoka wapi. Fanya hivyo hata unaposoma vitabu vya historia vyenye maneno tu. Ukiona jibu la swali moja limeazimwa kutoka jibu la swali jingine, au nchi moja imepimwa kwa kipimo cha nchi nyingine bila sababu kuonyeshwa, usiogope kutafuta shahidi wa pili. Hesabu ya kale ya nchi yetu ilisahihishwa na watu waliofanya hivyo, na sehemu kubwa ya matope ya maziwa yetu bado haijasomwa. Huenda atakayeyasoma sasa yumo darasani.